Wali wa Bwana Darubini

Ruiru, Agosti 1955

Kwa Mama yangu mpenzi, Kipini.

Shikamoo Mama. Mguu unaendeleaje, na je, mvua imewafikia huko? Sisi hatujambo, ila baridi ya Ruiru inatutia adabu. Mkweo Ali anakuamkia. Bado yuko kwenye mashine ya kahawa ya yule mzungu tunayemwita Bwana Darubini.

Barua yako nimeipata. Ali amekwambia nimemuudhi bwana wake, nawe unataka niende kuomba radhi, niseme sikumwelewa. Ngoja nikueleze mwenyewe, maana Ali hueleza nusu.

Unajua tulipewa kipande cha kinamasi chini ya shamba la kahawa, pale jirani yangu Waithira anapolima nduma. Nikapanda ile mbegu yako ya mpunga, nikatega migono, nikapata kambale. Waithira hali samaki, alinicheka huku ameziba pua. Bwana naye alifurahi, akaanza kuleta wageni kutoka Nairobi kila Jumamosi, anawatembeza kwenye matuta watutazame tukilima na kuvua. Kueleza anaeleza yeye. Huwatambia kwamba anakijua Kiswahili kama mtu wa pwani. Mama, mtu huyo mpunga anauita wali!

Mpunga ukaiva, ndege wakaingia. Nikaomba ruhusa ya kuvuna, akasema ningoje wageni wakubwa. Nikangoja, hawakuja. Nilipoomba tena akaninyooshea fimbo: "Wageni nakuja Jumamosi. Wewe weka wali tayari, wao taona." Chakula chetu cha mwaka kiliwe na ndege ili watu wapige picha! Nilichukia, Mama!

Basi nikavuna wote. Waithira akanisaidia kupura na kutwanga. Jumamosi wageni wakateremka, wakakuta mabua matupu na sufuria ya wali kwa kambale, tayari kama alivyoagiza. Bwana uso ukamwiva. Lakini angesema nini mbele ya watu aliowatambia? Akacheka kwa shida, akadai ndiyo karamu aliyoipanga. Bibi mmoja aliomba aongezewe. Walipoondoka akamwambia Ali niende kuomba radhi, la sivyo tuhame.

Wewe na Ali mnaamini nilisikia vibaya. Sikusikia vibaya, Mama. Nilimwelewa barabara tangu alipofungua kinywa, nikaenda kunoa kisu huku nacheka. Ali hajui, na najua kazi yake imo hatarini. Lakini niseme sikuelewa, mimi uliyenizaa kwenye majaruba ya mpunga ya Kipini?

Sitaomba radhi. Kesho nakwenda kwake kumwambia: ukiwa shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukiiva jikoni ndio wali. Akitaka kutufukuza na atufukuze, lakini atatufukuza kwa Kiswahili kilichonyooka.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na utuombee dua.

Ni mimi mwanao,
Kulthum