Mstari wa Siku ya Tano

Mama Wafula,

Kiti chako pale kwenye dirisha la malipo la kliniki sasa nakikalia mimi. Nimekiwekea mto, maana kinauma, na wewe hukuwahi kusema. Miaka yote hiyo ulikaa hapo ukitabasamu, kumbe unaumia.

Nakuandikia kukushukuru, na kukueleza jinsi tulivyokufikisha nyumbani.

Unakumbuka kosa langu la kwanza? Baba mmoja wa mtaa wa Soweto West alikuwa amelaza mtoto kwenye kliniki yetu, nikamwandikia bili ya mistari miwili: dawa, na "huduma nyingine". Niliona nimefupisha vizuri. Kesho yake alirudi mikono mitupu. Alikuwa ameipiga bili picha, akaituma kwenye grupu ya simu ya watu wa kwao ili wamchangie, nao wakamuuliza hiyo huduma nyingine ni gani, ama anataka kula pesa kwa jina la mtoto. Hukunifokea. Ulisema tu, "Akinyi, hii bili si yake peke yake. Itasomwa na mtu ako Busia, hajawahi ona huyu mtoto. Andika mpaka huyo aelewe." Kisha ukanituma Soweto West kwa miguu, nikaisome upya mbele ya watu wake. Nilikuchukia njia nzima ya kwenda, si ya kurudi.

Basi ulipotutoka, hospitali kubwa ulikolazwa ilitukabidhi bili yako, kurasa tatu za vifupisho na nambari. Mwanao Wafula aliituma kwenye grupu ya familia. Hakuna aliyechanga. Kwenye mkutano wa matanga pale mtaani Mashimoni watu walianza kunong'ona, "Hii pesa yote ni ya nini na mtu ameshaenda?" Dada yako Nasimiyu alikuwa amefika kutoka Bungoma na hasira zake. Alikuwa ameambiwa ulitupwa kitandani hadi ukafa, hakuna hata wa kukugeuza. Na bila mchango wa kulipa bili hospitali haingeachilia mwili wako, ilhali mazishi yalikuwa Jumamosi.

Asubuhi iliyofuata nilienda hospitalini kusimama kwa dirisha lao la malipo. Kuuliza si ujinga, ulizoea kuwaambia wagonjwa, nami niliuliza hadi foleni ikaguna. Karani, Mungu ambariki, alinifafanulia kila nambari. Nikaandika yote upya kwa mkono, kwa Kiswahili cha kawaida, vile ulivyonifunza: ni kitu gani, siku gani, mara ngapi, bei gani.

Jioni, pale matangani, niliwasomea kwa sauti. Kitanda, siku sita. Oksijeni, siku nne. Sindano ya kifua, asubuhi na jioni. Nikafika siku ya tano: kusimamishwa na kutembezwa na mtaalamu wa mazoezi, mara moja.

Nasimiyu akainua mkono. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kumbe alisimama," akasema. Akafunika uso kwa leso, akalia hadi nikashindwa kuendelea, nami nikalia. Alipotulia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mkoba. Wafula akaituma karatasi yangu kwenye grupu, na kufikia Alhamisi ulikuwa umeachiliwa.

Tulikuzika Jumamosi kando ya mama yako. Nasimiyu alisimulia makaburini kwamba dada yake alitembea. Alisimulia mara tatu, na hakuna aliyemkatiza.

Asante, Mama Wafula. Sikujua ulikuwa unanifunza kazi ambayo siku moja ningekufanyia wewe. Ningetamani usingeihitaji.

Nakuahidi hivi: "huduma nyingine" haitatoka tena kwenye dirisha lako. Kila atakayeondoka na karatasi yangu, watu wake walio mbali watajua alichofanyiwa. Na nikichoka, nitafungua droo. Karatasi yako iko humo, ule mstari wa siku ya tano nimeukoleza kwa wino.

Kwaheri, mwalimu wangu. Pumzisha mgongo sasa.

Akinyi wako