Kabureta ya Tongaren

Jumamosi, baada ya chakula cha jioni

Imeingia. Imeingia mahali pake bila Baba kushika nyundo. Ile kabureta mpya tuliyonunua Kitale ilikuwa ya gari lingine, Baba akaigonga hadi ikapasuka. Kabureta halisi ya gari la marehemu Babu, Pijo ya zamani, hatukuipata mjini Bungoma kote, na Baba alikuwa ameshawaambia wanunuzi wa vyuma vikuukuu waje kesho wabebe gari.

Leo tumeipata Tongaren, kwenye Pijo iliyokufa nyuma ya nyumba ya mama mmoja. Lakini chini ya boneti, palipokuwa na betri, palikuwa na kuku juu ya mayai.

"Kuku yangu imelalia," mama akasema. "Mrudi ikishaangua."

"Mama, si kesho watu wa vyuma wanabeba Pijo yetu?" Baba akamwambia.

"Ati nifukuze kuku juu ya chuma? Hapana, bana."

Baba akageuka kuondoka. Mimi, ambaye hata shuleni sikuwahi kuinua mkono, nikasikia sauti yangu: "Mama, naomba niifungue kabureta mimi. Mkono wangu ni mwembamba. Sitamgusa."

Mama akakubali. Nimedonolewa mara nne, lakini kuku hakuinuka. Mama alicheka: "Huyu haongei, lakini kuku imemkubali!"

Saa kumi na moja Pijo yetu ikanguruma. Baba akawapigia simu wale watu wasije. Kisha akasema kesho nitaiendesha mimi hadi getini.

Naogopa. Hata breki bado siziamini...

Lakini nilisema ndiyo, na safari hii Baba hakuniuliza, kama kawaida yake, nimesema nini.