Likizo Ndefu Kuliko Zote

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, goti limetulia na paa la jikoni limeacha kuvuja. Sisi huku hatujambo, ukiacha miguu yangu iliyovimba hadi viatu vinavyonikubali ni vya shemeji yako peke yake. Mtoto anacheza vizuri tumboni, hasa ninapotaka kulala. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi wewe unaimalizia, na unaimalizia sivyo.

Dada, nimechoka. Mimba yenyewe hata hainichoshi hivyo, wanaonichosha ni watu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini nadhani hawakukutana na ukoo wetu, maana huku uchungu wa mwana wanaujua wote, na mzazi ndiye anayesubiri kuelezwa. Swali lenyewe ni moja tu: nichukue likizo ya uzazi ya muda gani? Kazini kwetu unaruhusiwa miezi mitatu, au ukiomba, sita kwa nusu mshahara. Ukishaandika umeandika, hakuna kuongeza wala kupunguza. Ungedhani hilo ni jambo la mtu na mumewe, walimalize wakinywa chai. Thubutu!

Alianza mama mkwe. Alikuja kututembelea, akakaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, akatangaza kwamba miezi mitatu ni kumtupa mtoto. Yeye, alisema, hakutoka nyumbani hadi kila mwanawe alipoweza kujivalisha viatu. Kesho yake akasikia habari ya nusu mshahara, akageuka. Akasema wanawake wa siku hizi tunapenda kulala, mwanawe ataubeba mzigo peke yake hadi mgongo upinde. Nikamuuliza kwa adabu zote sasa anataka lipi. Akanijibu hataki lolote, yeye si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Kisha akainuka, akakitoa kitanda cha mtoto ukutani nilikokiweka, akakisogeza mlangoni. Nilikirudisha alipoondoka.

Shemeji yako naye ni yule yule unayemjua. Kila nikimuuliza, anasema uamuzi ni wangu na yeye yuko nyuma yangu. Nikisema mitatu, sawa. Nikisema sita, sawa. Siku moja nikamjaribu, nikamwambia nimeamua kurudi kazini wiki ya kwanza, mtoto nitamweka kwenye sanduku lake la spana. Akasema sawa mke wangu, macho kwenye mpira. Mtu ametengeneza lifti miaka yote hadi amekuwa lifti mwenyewe, bonyeza kitufe chochote, anakwenda. Nilimrushia mto. Akaudaka, akauweka mgongoni mwake, akanishukuru.

Lakini hao ni cha mtoto. Kazini ndiko kwenye moto. Unajua nilivyoisotea meza ya dirishani. Meno ya bandia ukiyachagulia rangi chini ya taa yanakudanganya. Ndani yanaonekana sawasawa, mteja akitoka juani jino moja linang'aa mdomoni kama punje ya mahindi kwenye sahani ya maharagwe. Ndiyo maana mteja huletwa kwangu, anakaa kwenye kiti cha dirishani, anaupa mwanga tabasamu lake hata kama hana la kutabasamia, na mimi napitisha meno ya mfano moja baada ya jingine hadi nipate lile linalopotea kati ya wenzake. Kazi hiyo naipenda, dada, sikufichi. Niliisubiri hadi fundi mzee aliyekuwa na meza hiyo alipostaafu, na siku nilipoikalia nilikupigia simu nikilia, ukadhani nimefukuzwa.

Pale kwetu hakuna aliyewahi kuandika kwamba meza ni ya mtu fulani. Ya kwako ni ile unayoikalia. Mwenzetu mmoja alitoka likizo ya uzazi ndefu akakuta amehamishiwa kwenye sinki la kukorogea plasta, eti kwa muda, na hadi leo mtoto wake anasoma shule yeye bado anakoroga. Asiyekuwepo na lake halipo. Bosi wetu, tunayemwita Gego kwa kuwa ukitaka kumng'oa kwenye neno lake utavunja taya, ameniambia kwa upole kabisa kwamba niko huru kuchukua muda ninaoutaka. Kisha akaongeza kwamba wateja, hata hivyo, hawawezi kukaa bila meno hadi mtoto wangu aote ya kwake. Akacheka peke yake.

Na jirani yangu wa meza, yule tunayemwita Nta kwa sababu kazi yake ni kuchonga fizi za nta, hajangoja hata nijifungue. Kwanza aliweka kikombe chake kwenye dirisha langu. Halafu redio. Wiki iliyofuata nikakuta mmea kwenye kopo. Nikamuuliza mmea ule unafanya nini pale. Akasema unahitaji mwanga. Nikamwambia na mimi nauhitaji. Akanitazama tumbo, akanionea huruma kwa sauti mbele ya watu wote, akasema mama kijacho anahitaji kupumzika zaidi. Nilitamani kumpandikiza yeye kwenye kopo.

Basi nikasema mitatu. Nikamwambia Gego kwa mdomo, nikamwambia shemeji yako, akasema sawa. Na kila aliyeniuliza mtoto atabaki na nani, nilikuwa na jibu, dada atakuja. Mama mkwe akashusha pumzi, akasema ah, kama dada yupo hakuna neno. Nta aliposikia akachukua redio yake. Mimi mwenyewe nilitamka maneno hayo kirahisi kabisa. Dada atakuja, kama mtu anayesema jua litachomoza. Nawe kwenye simu ukasema kwani uko na kazi gani ya maana, umekaa tu, utafunga mlango uje, ukae hadi mtoto aanze kutembea.

Umekaa tu, eh?

Juzi Shangazi alinipigia. Alitaka kujua kama huku kuna baridi, kwa sababu anakushonea kitambaa cha kichwa cha safari. Maneno yakavuta maneno, unamjua Shangazi, hajawahi kupita penye siri bila kuikwaa. Akasema inasikitisha kidogo kwamba utayaacha masomo mwalimu akikusifu hivyo. Nikauliza masomo gani. Akasema Mungu wangu, usimwambie nimekuambia. Kwa hiyo nakuambia ameniambia.

Dada, uko darasani tangu mwaka jana! Unasomea mtihani wa sekondari, jioni, umekaa dawati moja na watoto wanaokuita mama na kunakili hesabu zako. Mtihani ni mwakani. Na wewe umemwendea mwalimu ukamwambia umeitwa na familia, jina lako alikate. Nani alikuita? Mimi nilikuita lini? Kwenye simu mwezi mzima nakuuliza habari, unanipa habari za goti! Nilipokata simu ya Shangazi nilikasirika hadi mtoto akaacha kupiga teke. Niliwakasirikia wote, Gego, Nta, mama mkwe na kopo la mmea, lakini wewe ndiye niliyekukasirikia kuliko wote, halafu nikajikuta nimekaa sakafuni nalia na viatu vya mume wangu miguuni.

Kwa sababu nililifahamu neno hilo, "familia". Najua uliambiwa wapi kwa mara ya kwanza. Mama alipokuwa amenizaa, waliokuwa wakimwajiri kwenye kituo cha simu walimwambia arudi upesi au kiti chake kipewe mwingine. Simlaumu mama. Sasa nimeona kwa macho yangu jinsi kiti kinavyochukuliwa, kinaanza na kikombe. Akarudi, na wewe ukatolewa shule unishike, kwa muda tu. Ulikuwa wa kwanza darasani. Shangazi ameniambia na hilo, akiwa ameshaharibu akaona aharibu vizuri. Hakuna aliyekuuliza unataka miezi mitatu au sita. Ulinibeba hadi nikapata jina la Kupe, ambalo bado unaniita mbele ya mama mkwe, na siku niliposhuka mgongoni mwako kwenda shule, wewe ya kwako ilikuwa imekupita. Katika ukoo wetu wote uliojaa wataalamu wa uzazi, likizo ya uzazi ndefu kuliko zote ni ya kwako, na hukuwa umezaa.

Sasa nikwambie nilichofanya, na usinipigie simu kunigombeza, kwa sababu kimeshafanyika.

Jumatatu niliingia kwa Gego nikamwambia ni sita. Akaniuliza kama nimefikiria vizuri kuhusu meza. Nikamwambia nimefikiria hadi kichwa kinauma. Akasema basi atalazimika kumpa Nta kwa muda. Nikamwambia neno "kwa muda" nalijua, asinione mtoto. Sikuondoka hapo kwa ujasiri, dada. Nilikwenda chooni nikaosha uso mara mbili. Nimeanza kumfundisha Nta rangi, kwa sababu wateja hawana kosa, na ana jicho zuri, jambo linaloniudhi zaidi. Huenda nikirudi nikakabidhiwa mwiko wa plasta. Naumia, sitaki uniambie kwamba siumii, na sitaki unishukuru.

Nyumbani nilimwambia shemeji yako, akasema sawa. Hapo nikapasuka. Nikamwambia sawa yake nimeichoka, mtoto si wangu peke yangu, kama yuko nyuma yangu basi apite mbele kidogo. Akazima televisheni, jambo ambalo sijawahi kuliona. Siku iliyofuata akarudi ameomba zamu ya usiku kuanzia mwezi nitakaorudi kazini, ili mchana ashike yeye mtoto. Mama yake aliposikia akasema mwanamume hawezi. Akamjibu, mama, uamuzi ni wetu. Nilitaka kumpigia makofi, ila nilikuwa bado nimenuna.

Kwa hiyo usije. Lifungue hilo sanduku, nguo uzitundike, umrudie mwalimu wako umwambie familia imeghairi. Ukija utaikuta milango imefungwa, na Kupe mwenyewe ndiye aliyeifunga. Njoo baada ya mtihani, kama mgeni, ukae kwenye kochi, uletewe chai, useme ovyo juu ya malezi yetu kama wenzako.

Nisalimie Shangazi, mwambie siri yake iko salama. Wasalimie na hao wanaokaa nawe dawati moja, uwaambie waache kunakili. Shemeji yako anakusalimu, mama mkwe pia, ingawa anadhani nimechanganyikiwa. Mtoto atakusalimu mwenyewe ukija, na nimepanga akute mama yake mkubwa ana cheti ukutani.

Ni mimi mdogo wako, niliyechelewa sana kushuka mgongoni,

Kupe