Chupa Kumi na Moja za Kioko

Mpendwa ndugu yangu Kioko,

Ijumaa shule yako ya Zombe ilitoa tuzo ya sayansi yenye jina lako. Nilivaa lile rinda la bluu uliloniletea kutoka Sultan Hamud, nikaketi mstari wa mbele, nikapiga makofi wengine walipopiga. Nikuambie ukweli, sikuhisi kitu. Tangu tukuzike sijalia hata mara moja. Kanisani wanasema Mwende ana nguvu. Si nguvu. Nimekufa ganzi tu, na chai naimaliza bila kujua kama niliitia sukari.

Mwalimu mkuu alisoma vitu ulivyowaletea: hadubini, mizani, majiko ya gesi ya maabara. Akasimulia ulivyokuwa ukifunga duka lako la dawa za mifugo huko Sultan Hamud, ukapakia pikapu na kuja huku na chupa za maabara zimefukiwa ndani ya magunia ya ndengu ili zisivunjike. Chupa zilikwenda maabara, ndengu zikaenda jikoni. Mimi nikakumbuka nilivyokutania langoni mara ya kwanza.

"Wee Kioko, ni nani hupeleka ndengu Kitui, zinakolimwa?"

"Mvua imekataa, Mwende. Wacha watoto wakule."

Kisha akainuka mwalimu wako wa zamani wa sayansi. Siku hizi anatembea na mkongojo, lakini mdomo ni ule ule. "Huyu kijana alikuwa mkali," akasema, "lakini mzembe! Kesho tunaenda kongamano la sayansi Kitui mjini, leo yeye amemwaga maji yote!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nimeipakata tuzo niliyoombwa kuikabidhi.

Hukumwaga. Mimi na wewe tunajua.

Ulikuwa kidato cha pili, mimi nimemaliza shule nakaa nyumbani. Kwa wiki tatu ulizunguka visima vyote vya mtoni, vile vya kuchimba mchangani, ukajaza chupa kumi na moja za soda na kuandika jina la kisima kwenye kila moja. Ulitaka kuyachemsha maji hayo mbele ya majaji, waone ni kisima gani kinaacha chumvi nyingi. Ulizipanga chini ya kitanda na hukutaka mtu azisogelee.

Siku hiyo mama alikwenda sokoni akaniachia kazi mbili, kuteka maji na kupika. Nikaketi kwa jirani kusukwa nywele mpaka jua likageuka. Nilipofika mtoni foleni ya mitungi haikuwa na mwisho, na mama ulimjua. Nikarudi nyumbani, nikainama chini ya kitanda chako, nikapika isyo kwa maji yako, chupa zote kumi na moja. Mahindi na maharagwe hayaivi kwa maji kidogo.

Ulipofika ulizikuta chupa tupu zimepangwa vilevile, maana nilizirudisha, mjinga mimi. Ulizitazama, ukanitazama, ukanawa mikono. Ukala sahani mbili. Nilipokufuata nje kuomba msamaha, ulisema, "Maji ilikuwa yangu na chakula nimekula. Sasa nitamshtaki nani?" Kesho yake ukamwambia mwalimu chupa zilianguka. Kitui mjini walienda wengine.

Basi nilipoitwa mbele Ijumaa nilishika maikrofoni, nikasema, "Ndugu yangu hakumwaga. Mimi ndiye niliyeyapika." Nikaeleza yote, hata ile habari ya nywele. Sauti yangu ilitoka kavu, kana kwamba nasoma matangazo ya kanisa. Nilingoja nihisi aibu, au nafuu, lakini hakuna kilichokuja. Mwalimu wako alivua kofia. "Na mimi nikamfagilisha maabara muhula mzima," akasema polepole. "Na hakunena."

Mshindi ni msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, soksi zimeshuka. Nilimpa tuzo, akashukuru, lakini hakuondoka.

"Mama, naomba kuuliza. Hiyo isyo ilikuwa na chumvi?"

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alitaka kujua, Kioko, kwa macho yale yale uliyokuwa nayo ukipiga magoti mtoni. Siku ile sikuonja hata punje, kwa hatia. Mama alikuwa amekula sokoni. Ni wewe tu uliyekula.

Nikageuka nikuulize.

Nikageuka kabisa, bega na kichwa, na jina lako mdomoni. Palikuwa na kiti changu kitupu na mkoba wangu juu yake. Hapo ndipo nilipoketi sakafuni mbele ya watu wote, na yule msichana akanishika mkono.

Nimemwahidi nitamletea jibu, na sijui nitalitoa wapi. Wewe pumzika. Hujawahi kunidai kitu, nami leo nakudai hili moja tu: ilikuwa na chumvi?

Ni mimi, dada yako, niliyepika.