Kiwiko cha Cordones

Jumatatu, 15 Juni 2015

Sijamwambia mtu. Hata Isimbi sijamwambia, na Isimbi namwambia karibu kila kitu. Yule "Mzee Harlan" anayeandika habari za vijana wa besiboli kwenye tovuti ya Denny — ni mimi. Gaju, binti Bamurange, wa Okolona hapa Louisville, niliyemaliza shule juzijuzi tu.

Denny yuko Buffalo. Hatujawahi kuonana. Anadhani Harlan ni mstaafu wa Kentucky mwenye magoti mabovu. Sikusema hivyo mimi! Wasomaji ndio waliosema, kwa kuwa naandika polepole na sina utani. Nikawaacha. Darasani nilikuwa nainua mkono pale tu mwalimu alipogeuka ubaoni. Lakini Harlan, watu wanamuuliza maswali na wanangoja jibu.

Timu yetu ya Louisville ni ya ligi ndogo, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kubwa. Kila kijana pale anangoja kuitwa juu. Mimi nakaa kwenye nyasi nyuma ya uwanja, natazama, kisha Harlan anasema nani atafika na nani hatafika. Mama anadhani nabaki kazini ghalani kuongeza saa.

Leo masanduku ya viatu toka asubuhi. Mgongo! Nalala.


Jumamosi, 20 Juni

Joto la bonde la mto, jasho hata ukikaa. Leo mrushaji alikuwa Eladio Cordones. Wa Jamhuri ya Dominika, mrefu, shingo nyembamba. Wote wanasema huyu ndiye atakayeitwa kwanza. Harlan pia alisema hivyo, mwezi wa nne.

Leo sikupenda nilichoona. Akitaka unga wa kukausha vidole, anauokota kwa mkono wa kushoto, si ule wa kurushia. Maji anakunywa kwa kushoto. Akirusha mpira wa kupinda, kiwiko kinashuka, na mpira haupindi, unaelea tu kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Halafu anawapa wapigaji mgongo na kukunja vidole taratibu, kimoja kimoja.

Wale skauti, wanaotafuta vipaji kwa ajili ya timu kubwa, wenye mashine za kupima kasi, walikuwa wanatabasamu. Kasi ni ileile. Mashine haioni kiwiko.

Anaumwa. Na anaficha.


Jumatano, 24 Juni

Nimesinzia kwenye basi, nikapitiliza kituo. Kazini msimamizi ameuliza kama kuna mwenye maumivu, aandikishwe. Mama Généreuse, tunayefunga naye masanduku, ana bega lililovimba, lakini alitazama dari kama anayesoma kitu huko juu. Akiandikishwa atahamishiwa kazi ya saa chache. Mimi pia nilitazama dari.

Denny anataka habari za Cordones. Anasema kuna mtu wa timu ya ligi kubwa anayemsoma Harlan kila wiki. Sijajibu.


Jumapili, 28 Juni

Kanisani mpaka alasiri. Kwaya, mahubiri, kwaya tena. Nyumbani nilimuuliza Mama kwa mbali, huku nachambua maharage: zamani kule kwetu milimani, ukiona ng'ombe wa mtu anachechemea na mwenyewe hajaona, ulifanyaje?

Akacheka. Akasema, bon, leo Mmarekani wangu anauliza ng'ombe! Kisha akaeleza. Hausemi mbele ya batu. Kama kuna mnunuzi pale, ndiyo kabisa hausemi. Unamuvuta mwenyewe pembeni, unamuambia polepole.

"Na kama unaona haya kumwambia?"

"Unatuma mutu. Mutu mwenye kinywa kizuri."

Baba alikuwa amelala kwenye kiti, viatu vya zamu ya jioni miguuni. Akasema bila kufumbua macho kwamba ng'ombe wa Gaju atakuwa ana miguu miwili na ndevu. Mama akampiga na kitambaa cha jikoni. Nikaona uso wangu unawaka. Walidhani nina mchumba!

Basi nimeamua. Harlan hataandika. Cordones ataambiwa mwenyewe, pembeni.


Ijumaa, 10 Julai — Columbus

Tumekuja kwa gari la kanisa, kwenye mahari ya Précieuse, binti wa ukoo wetu, kesho. Njia nzima Baba mdogo Mutware alikuwa anafanya mazoezi, maana ndiye msemaji wa upande wetu. Alisimama ndani ya gari linalokwenda! Aliwasalimu wakwe wasiokuwepo, akasifu nyasi za Ohio, akaomba ng'ombe ambao hakuna mtu atakayewaona, maana siku hizi ni pesa tu. Wazee wakapiga makofi. Dereva akamwomba akae.

Na timu yetu ilikuwa inacheza Columbus jioni hiyohiyo.

Nikamwambia Isimbi. Si habari za Harlan — habari za kiwiko tu. Yeye ni binti wa mama mkubwa, anakaa hapa Clintonville, anahudumia wazee, na hajawahi kumwogopa mtu tangu azaliwe. Nikamwomba awe mtu wangu mwenye kinywa. Akasema, "Wewe, mdogo wangu, unanituma kwa mwanaume? Minaenda! T'inquiète, usiogope."

Nilimwambia: pembeni. Polepole. Alisema ndiyo.

Wachezaji walikuwa kwenye uzio wakiwawekea watoto sahihi. Mimi nilibaki juu kwenye viti. Isimbi akashuka na kitenge chake cha njano. Akangoja zamu yake. Halafu — Mungu wangu — akanyoosha mgongo kama Baba mdogo Mutware. Akamsalimu Cordones kwa sauti ya ukumbini. Akasifu urefu wake. Akasifu mama aliyemzaa. Kisha kwa Kiingereza chake safi akatangaza kwamba mdogo wake, yule pale juu, mwenye aibu, amekuwa akimtazama tangu Louisville na anasema: "Kiwiko chako cha kulia ni kigonjwa, tunakuomba ukamwone daktari."

Kila mtu alisikia. Skauti wawili. Kocha wa warushaji, aliyekuwa hatua chache tu. Watoto.

Cordones alinitazama. Si kwa hasira. Kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye hospitali.

Halafu akacheka sana, akazungusha mkono hewani kuwaonyesha wote, akampiga kocha begani. Kocha hakucheka. Usiku huo Cordones alirusha kwa kasi kuliko siku zote. Kila mpira nilihisi kama mimi ndiye niliyeuvuta mkono ule.

Isimbi akarudi anapangusa jasho. "Bon. Nimemuambia. Umeona alivyocheka? Haiko mugonjwa huyo."

Nilishindwa hata kumgombeza. Alifanya kama msemaji anavyofanya. Msemaji hanong'oni. Mimi ndiye sikuwaza hilo.


Jumamosi, 11 Julai

Mahari imekwenda vizuri. Baba mdogo amesifiwa mpaka amechoka. Nilibeba maziwa kwa wageni. Shangazi mmoja akasema huyu mtoto ana adabu, haongei.

Ndiyo. Siongei. Ndiyo shida yenyewe.


Jumanne, 21 Julai

Zamu mara mbili. Miguu haihisi chini.

Tovuti yote inasema Cordones ataitwa juu Jumatatu ijayo. Kwanza atarusha Buffalo, Jumamosi mchana, na watu wa timu kubwa watakuja kumtazama mara ya mwisho. Denny ananiandikia: Harlan, mzee wangu, umenyamaza sana, una nini? Yule mtu wa ligi kubwa ameniuliza mara mbili. Neno moja tu: apande au asipande?

Mkutano wa makanisa yetu mwaka huu uko Buffalo. Wikiendi hiyohiyo. Sikupanga mimi! Kwaya yetu inaimba Jumapili.

Nikiandika, watampeleka kwa daktari, na hatapanda. Nisipoandika, atarusha mpaka kitu kikatike ndani. Nimekaa kitandani na simu mpaka kidole kimekufa ganzi. Nimefuta yote.


Ijumaa, 24 Julai — Buffalo

Mwenyeji wetu, Mzee Methodi, ametupa ghorofa ya juu ya nyumba yake North Buffalo, wanawake wote sakafuni. Mama alilala pale pale baada ya safari. Nikatoka nikapanda treni ya mjini.

Upepo wa ziwa, baridi ya ajabu kwa Julai. Nilifika mapema, uwanja haujajaa. Nikajilazimisha kushuka mpaka kwenye uzio. Hapo ujasiri ukaniishia. Nilisimama tu, nimeshika nondo kama mtu anayengoja basi.

Ni yeye aliyenijia. Leo harushi. Akaniuliza kama mimi ndiye dada wa yule mwenye kitenge. Kiingereza chake ni kama changu, kinasimama kila baada ya maneno mawili. Labda ndiyo maana nilimjibu.

Nikasema samahani. Nikasema nilitaka ajue yeye peke yake.

Akauliza, basi kwa nini hukuja wewe?

Nilijaribu kumweleza mambo ya msemaji. Kwamba kwetu jambo zito linabebwa na mtu mwingine. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema: ungekuja wewe, tungejua wawili. Sasa kocha ananitazama kila ninapokunywa maji.

Akanieleza mwenyewe. Kinauma tangu mwezi wa tano. Usiku anakiweka juu ya mto. Na hesabu yake ni hii: kikikatika hapa, kwenye ligi ndogo, watakishona, halafu watamsahau, atarudi kwao na mkono wenye kovu. Kikikatika kule juu, hata baada ya siku moja, yeye ni mchezaji wa ligi kubwa, na watamtunza kama mchezaji wa ligi kubwa. Mama yake anauza samaki. Tayari ameambiwa kwamba mwanawe anapanda.

"Mpaka Jumatatu," alisema. "Tafadhali. Wewe kimya mpaka Jumatatu."

Nikamuuliza kama haogopi. Akatazama mkono wake kama si wake. Akasema kila siku.

Hajui kwamba mimi ni Harlan. Sikumwambia. Nilitikisa kichwa, na sijui kama ilikuwa ndiyo.


Jumamosi, 25 Julai

Naandikia uwanjani, kalamu inakwama kwa upepo. Mama anajua niko na watoto wa Sunday school. Kiti ni cha baridi. Nimechoka hadi kwenye meno.

Mzunguko wa kwanza: salama. Kasi nzuri. Wanaume wawili wenye mashine wamevaa fulana zenye kola, hawali kitu, hawashangilii. Ndio wao.

Wa pili: ameokota unga kwa mkono wa kulia. Kwa ajili yangu? Kwa ajili ya kocha? Uso wake ulibadilika kidogo tu alipouinua. Mtu asiyemjua asingeona.

Denny yuko hapa mahali fulani, anadhani Harlan naye amekuja kumtazama Cordones na anamtafuta, eti atamtambua kwa fimbo yake. Ananiuliza: unaonaje, mzee? Yule mtu wa ligi kubwa amekaa nyuma yangu, anataka kusikia kutoka kwako kabla ya mzunguko wa tano.

Nimeandika "Kiwiko". Nimefuta. Nimeandika "Apande". Nimefuta hilo pia. Kila moja ni uongo na kila moja ni ukweli, na mimi ndiye peke yangu hapa ninayejua yote mawili.

Wa tatu: mpira wa kupinda haukupinda. Amewapa mgongo wapigaji. Vidole. Kimoja kimoja. Kocha amesimama kwenye ngazi, mguu mmoja juu.

Wanaume wa mashine wameandika kasi. Ileile.

Simu inatetemeka tena. Sijaifungua.

Amegeuka. Anavuta pumzi. Kiwiko kimeshuka chini kuliko siku zote — nakiona, nakiona kabisa — na ananyanyua mguu. Wewe, daftari langu, nimekwambia kila kitu. Usimwambie mtu. Mpaka Jumatatu tu, nakuomba, usimwambie mtu