Usiyasafishe Meno Bado

Kianda, Kibera,
Nairobi.
3 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Apiyo,

Niaje huko Doha? Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, mgongo umepoa na yule mama unayemfanyia kazi amepunguza kelele. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Presha ya Mama imeshuka kidogo. Daisy wangu amepanda darasa na mdomo wake umepanda naye. Mvua haijaanza, lakini kila mtu hapa Kianda anaangalia juu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu kama katibu wa kanisa. Simu yangu si yangu tena, Apiyo. Mama haoni maandishi madogo, kwa hivyo Daisy humsomea kila kitu kinachoingia, tena kwa sauti, mpaka majirani wanajua mambo yangu yote. Na haya ninayokuambia Mama hafai kuyasikia bado. Nanyama wa mlango wa pili anarudi huko kesho, ndiye nimempa barua.

Kwanza nikujibu uliloniuliza. Unataka meno meupe kabla ya harusi yako ya Desemba. Umeandikishwa kwa daktari Jumamosi hii, lakini wenzako wanakuambia ununue vitu ujifanyie chumbani. Mimi nimepitia zote mbili nikitafuta ile kazi ya mapokezi, kwa hivyo nisikize.

Nilianza na unga wa mkaa. Fizi zilitoka damu na karai ikawa nyeusi, meno yakabaki vile vile. Nikajaribu limau na magadi, magadi hii hii ya kupikia mboga. Aki usijaribu! Inakula jino. Nilipata ganzi hata nikinywa maji ya mtungi. Halafu Angeline mwenye saluni kule Gatina akaniuzia karatasi za kubandika pamoja na kijitaa cha buluu cha kumulika meno. Hizo zinamfaa mtu ambaye meno yake yamechafuliwa na chai. Yetu rangi imo ndani, ni yale maji ya kisima tuliyolelewa nayo Naivasha, Baba akifanya kazi kwenye mashamba ya maua. Palipokuwa peupe pakazidi weupe, na ile kahawia ikajitokeza vizuri zaidi. Nilikaa kama mtu aliyetafuna misumari yenye kutu.

Kliniki ni mambo mengine. Daktari Musau wa Kawangware aliyapima kwanza, akaziba tundu moja. Alifunika fizi na mpira, akayasugua na dawa inayotoa ngozi nyembamba ya juu, kisha siku nyingine akapaka jeli. Siku mbili nzima hata hewa ilikuwa inaniuma. Alichukua umbo la meno yangu kwa plasta, akanitengenezea kifuniko laini cha kuvaa nyumbani na jeli hafifu kwa wiki mbili. Kwa hivyo jibu langu ni hili: kwa meno kama yetu anza kwa daktari, na cha kutumia nyumbani kiwe kile atakachokupa yeye. Huwa wanapiga picha kabla ya kuanza. Mimi nilikataa. Si unajua sisi na kamera, tangu utotoni tunafunga midomo kama tumekatazwa kuongea.

Yalitoka meupe mpaka nikaogopa. Nilimchekea Mama mlangoni, akanitazama mdomoni, akauliza, "Unacheka na meno ya nani?" Nikadhani ni utani, lakini yeye hakucheka.

Sasa jambo lenyewe. Kaa chini, dada.

Wiki mbili zilizopita, watu waliokuwa wakichimba mtaro chini ya Kambi Muru walikuta mifupa kwenye matope. Walisema ni ya mwanamume, kijana. Kanisani wakatangaza kwamba yeyote aliyepotelewa na mtu kwenye mafuriko ya mwaka jana aende mochari akaangalie. Nilienda peke yangu. Mama bado anaamini pacha wako Brandon yuko Mombasa akitafuta kazi, hajui kwamba hakuna aliyemwona tangu mafuriko yale. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, nikiogopa presha yake, na nimekuwa nikimwambia hivyo kwa miezi kumi.

Mhudumu wa pale anaitwa Mutiso, mtu mpole. Alifunua kitambaa cha kijani. Apiyo, uso haukuwepo. Kulikuwa na meno tu, ya kahawia, yote nje, yanacheka. Brandon hakuwahi kumchekea mtu hivyo maishani mwake. Nilisimama pale nikihisi kama nimemfumania akiwa uchi.

Mutiso alisema meno ya hivyo ni mengi, watu wa Naivasha na Gilgil wamejaa Nairobi, lakini ndugu waliokunywa maji mamoja wakati mwingine hufanana. Akaniambia, "Hebu cheka kidogo, madam." Nikacheka. Aliyatazama yangu, akayatazama yale, akafunika kitambaa. "Pole kwa usumbufu. Huyu si wenu. Nyinyi meno yenu ni safi." Akaandika kwenye kitabu.

Na mimi nikanyamaza. Nikuambie ukweli, nilifurahi! Nilitoka pale mwepesi, nikanunua hata ndizi. Nilikuwa nimeshafika kituo cha Olympic nilipojua nimefanya nini. Niliketi kwenye ngazi ya duka la watu nikalia, mwenye duka akaniletea maji akidhani nimeibiwa.

Unakumbuka nyinyi wawili mlikuwa na ule mstari unaokata jino moja la mbele, na kidoa cheupe chini yake? Jino lile lile kwako na kwake. Mimi pia nilikuwa na wangu, na kwa huo ndio nilikuwa napima wenu. Nilipofika nyumbani nilishika kioo nikumbuke ni jino gani. Sikuona kitu. Nimechukua kalamu nijaribu kuuchora. Nimeuchora mara nne na kila mara unatoka mahali pengine. Yale niliyoyaona mochari yana mstari, hilo naapa. Lakini ni wa nani, siwezi kusema, na nimelala naye chumba kimoja miaka ishirini.

Nilimpigia Mutiso nikamwambia ukweli. Alisema njia nyingine ni kupima DNA, wachukue mate ya Mama, kwa kuwa ya dada hayatoshi, na kungoja miezi. Lakini Ijumaa ya tarehe 14 wale wasio na mwenyewe watazikwa pamoja kwenye shimo moja, na baada ya hapo hakuna wa kuwatenganisha. Siwezi kumpeleka Mama pale na nikose. Nikikosa, nitakuwa nimemuua kwa mfupa wa mtoto wa mtu mwingine.

Kwa hivyo Jumamosi usiende kwa daktari. Nakuomba, tena nakuamrisha kama dada yako mkubwa. Ukishapata barua hii piga picha ya meno yako mchana, karibu na dirisha, uitume kwa Angeline. Nanyama ana namba yake. Usitume kwangu, Daisy atamwonyesha Mama. Nitaipeleka kwa Mutiso mwenyewe, na safari hii sitacheka wala kunyamaza.

Mama anakusalimia sana, anasema ule vizuri. Daisy anakusalimia na anataka viatu. Msalimie huyo shemeji yangu mtarajiwa. Mungu akufunike huko uliko, na atufunike sisi huku wiki hii.

Usione haya, Apiyo. Fungua mdomo wote, mwanga uingie mpaka ndani. Kati yetu ni wewe tu uliyebaki na meno ya Brandon.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Caren