Bastola ya Chooni

Tarehe 9 Machi. Miaka miwili na miezi minne tangu niondoke.

Mama watoto,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Chuo hiki ninachofagia sasa kinaruhusu watu kuingia madarasani na bunduki. Juzi nikisafisha choo cha walimu nikakuta bastola juu ya tangi la maji. Nikampigia msimamizi.

"Usiiguse, mzee. Wafagizi hawaruhusiwi. Ilinde tu."

Nikailinda kwa fagio masaa matatu! Mwalimu akaja anacheka: "Kumbe niliisahau huku!" Yeye hakuulizwa kitu. Mimi nikapewa barua ya onyo, eti korido ilibaki chafu.

Fomu ya binti yetu ya kusoma hapa bado ninayo mfukoni, na siipeleki. Najua atanuna. Mkataba unaisha Juni. Tarehe tano Julai nitakuwa mlangoni kwetu, anikasirikie vizuri ana kwa ana.

Mumeo